Picha za Ubongo Zimepigwa, Faili Ziko Wapi?

Mshiriki ameshashuka kitandani na kuondoka. Picha za ubongo wake umeziona kwa macho yako zikijitokeza kwenye skrini ya mwendeshaji wa mashine. Unarudi mezani, unafungua folda ya mradi kwenye seva, unakuta patupu. Au unakuta maelfu ya faili zenye majina ya tarakimu na nukta, wala hakuna hata moja inayojieleza.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, awe mwanafunzi, msaidizi wa utafiti, au mtafiti aliyerithi mradi ambao mwenzake ameuacha katikati. Unahusu MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, kwa kuwa ndiko kwenye faili nyingi na vurugu nyingi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba picha za MRI husafiri, na kila kituo zinakopita huacha nakala au alama. Huundwa kwenye kompyuta ya kuchakata iliyo jirani na mashine, huingia kwenye kompyuta ya mwendeshaji, hutumwa kwa mtandao hadi seva ya kupokelea, hupangwa kwenye hifadhi ya mradi, kisha mtu au programu huzigeuza ziwe katika muundo wa kuchambulia. Ukishajua kituo cha mwisho zilikoonekana, kazi iliyobaki ni kukagua hatua moja tu, ile inayofuata.

Hatua ya 1: Amua unatafuta data ipi

Kikao kimoja huzaa aina kadhaa za data, na hazikai pamoja. Kuna picha zenyewe, ambazo hutoka kwenye mashine zikiwa katika DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za kitabibu. Kuna ishara ghafi zilizonaswa na koili, yaani antena inayozunguka kichwa, kabla hazijawa picha. Kuna kumbukumbu za mapigo ya moyo na pumzi, kama mshiriki alifungwa vipimo hivyo. Na kuna matokeo ya kazi aliyopewa akiwa ndani ya mashine: vitufe alivyobonyeza, muda aliochukua kujibu.

Karibu kila anayesema “sioni data yangu” anazungumzia DICOM. Tatizo ni kwamba wachambuzi wengi huziita “data ghafi”, na mwendeshaji akisikia hivyo hufikiria zile ishara za koili. Anakujibu kwamba zimeshafutwa, nawe unapata mshtuko wa bure. Sema DICOM kama unataka DICOM.

Ishara ghafi nazo zina alama zake. Kwenye mashine za Siemens huwa ni faili kubwa zinazoishia na .dat. Kwenye GE za zamani huanza na herufi P na kuishia na .7, na kwenye mpya zaidi huishia na .h5. Philips hutoa jozi ya .raw na .lab. Kama mradi wako unazihitaji, uwe umepanga na mwendeshaji kabla ya kikao, kwa sababu mashine huzifuta yenyewe inapohitaji nafasi, wala haimuulizi mtu.

Hatua ya 2: Kusanya vitambulisho kabla ya kugusa kompyuta

Mali bila daftari hupotea bila habari. Itafute karatasi ya kikao, na kama haipo, iandike sasa kwa kumuuliza aliyekuwepo. Unahitaji namba ya mshiriki kama ilivyoandikwa kwenye mashine, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jina la mradi lililochaguliwa wakati wa kusajili, na orodha ya picha zilizopigwa kwa mpangilio wake, pamoja na zile zilizokatizwa au kurudiwa.

Maneno “kama ilivyoandikwa kwenye mashine” yana uzito. Kwako mshiriki ni NK014. Aliyesajili huenda aliandika NK_014, nk14, au NKO14 kwa herufi O badala ya sifuri. Kwa kompyuta hao ni watu wanne tofauti. Tena, mashine ina sehemu mbili za kujaza, moja ya jina na moja ya namba ya mgonjwa, na kuna vituo ambavyo namba ya mgonjwa hujazwa na mfumo wenyewe huku msimbo wako wa mshiriki ukiwekwa kwenye jina. Ukitafuta kwenye sehemu moja tu unaweza kuambiwa hakuna, kumbe ipo kwenye ya pili.

Saa nayo ina mtego wake kwetu sisi. Karatasi ikisema saa 4:10 asubuhi, ndani ya faili utaona 101000, yaani saa, dakika na sekunde kwa mtindo wa saa ishirini na nne, bila nukta wala mstari. Tarehe huandikwa mwaka kwanza: 20250311 ni tarehe 11 Machi 2025. Isitoshe, saa ya mashine ya MRI si lazima ilingane na ya kompyuta yako. Ruhusu tofauti ya dakika kadhaa pande zote mbili, na kikao kikivuka saa sita usiku, tafuta tarehe zote mbili.

Hatua ya 3: Anza kwenye mashine, hasa kama kikao ni cha leo

Wengi huanza kuchimbua seva. Mimi nashauri kinyume chake. Mpigie simu mwendeshaji umwombe aangalie kama kikao bado kinaonekana kwenye orodha ya wagonjwa ya kompyuta yake. Hilo ni jambo la dakika moja, na jibu lake ndilo litakaloamua unatafuta kwa haraka au kwa utulivu. Diski ya mashine si ghala. Ikijaa, vikao vya zamani hufutwa ili vipya viingie, na kwenye kituo chenye kazi nyingi zamu ya kikao chako kufutwa haichukui muda mrefu.

Kikiwepo, mwombe mambo mawili. La kwanza, akikinge kisifutwe mpaka utakapomwambia. La pili, afungue orodha ya kazi za kutuma na kuangalia hali yake. Picha za DICOM hazinakiliwi kama faili za kawaida. Mashine huzituma moja moja kwa seva iliyoandikishwa, na seva hujibu kila picha inapopokelewa. Mtandao ukikatika katikati, kazi hubaki kwenye foleni ikiwa na alama ya kushindwa, na mara nyingi haijirudii mpaka mtu aiamuru. Sababu nyingine ya kawaida ni kwamba hakuna aliyebonyeza kutuma. Vituo vingine hutuma kila picha inapokamilika, vingine husubiri mwendeshaji atume kikao kizima mwishoni, na mwendeshaji naye ni binadamu mwenye mshiriki mwingine anayesubiri mlangoni.

Muulize pia zilitumwa wapi. Mashine moja huwa na zaidi ya seva moja kwenye orodha yake: ya hospitali, ya utafiti, pengine na ya majaribio iliyosahaulika. Mahali panapofanyika matibabu na utafiti kwa pamoja, picha za utafiti kutumwa kwenye kumbukumbu za hospitali ni kosa linalotokea, na linahitaji kurekebishwa na wahusika wa huko.

Hatua ya 4: Kagua seva ya kupokelea, pamoja na chumba chake cha kusubiria

Kama mashine inasema imetuma na ikajibiwa, picha zipo kwenye seva. Hapa kinachowapoteza watu ni upangaji. Seva za utafiti husoma taarifa zilizo ndani ya picha ili kuamua ni ya mradi gani. XNAT, kwa mfano, ambayo ni programu ya seva ya kuhifadhi picha za utafiti, isipobadilishwa mipangilio, huchukua mradi kutoka kwenye maelezo ya kikao, mshiriki kutoka kwenye jina la mgonjwa, na kikao kutoka kwenye namba ya mgonjwa. Jina la mradi likikosewa hata herufi moja, XNAT haijui pa kuzipeleka, basi huziacha kwenye eneo liitwalo `prearchive` chini ya kundi la `Unassigned`. Mtumiaji wa kawaida huenda asilione kabisa kundi hilo. Msimamizi wa seva anaziona, na huzihamisha kwa mibofyo michache.

Orthanc, programu nyingine ya seva ya DICOM, ni tofauti. Huhifadhi kila picha kwenye diski kwa jina la herufi na tarakimu lililobuniwa na programu yenyewe, kwa hiyo kuingia kwenye folda zake na kutafuta NK014 ni kupoteza muda. Tumia ukurasa wake wa kivinjari, ambao kwa kawaida hufunguka kwenye poti 8042, utafute kwa namba au tarehe.

Kwenye seva yoyote ile, tafuta kwanza kwa tarehe, sio kwa jina. Tarehe huandikwa na mashine yenyewe, majina huandikwa na vidole vya watu. Siku moja haina vikao vingi, na kwa kulinganisha saa utakitambua chako hata kama jina limeandikwa kombo.

Ukikipata, usiridhike na mstari wa kwanza. Mshiriki akiomba kutoka katikati ya kikao kisha akarudi, mara nyingi husajiliwa upya, na mashine hukihesabu kuwa ni kikao kingine chenye utambulisho wake. Kwenye seva utaona mistari miwili ya siku ileile. Anayechukua mmoja huamini kwamba nusu ya picha zimepotea.

Hatua ya 5: Soma ndani ya faili

Sasa tuseme seva imekuletea folda, na ndani yake kuna faili zisizo na kiendelezi chochote, au zenye majina kama 1.3.12.2.1107.5.2 yanayoendelea mpaka mwisho wa skrini. Majina hayo si takataka. Ni utambulisho wa kipekee wa kila picha, wenye herufi zisizozidi 64, na mwanzo wake hutaja chanzo: 1.3.12.2.1107 ni Siemens, 1.2.840.113619 ni GE, 1.3.46.670589 ni Philips. Faili zinazoishia na .IMA nazo ni DICOM, zimetoka Siemens. Ukipewa diski ya CD utakuta faili iitwayo DICOMDIR pamoja na folda zenye faili kama IM0001 na kuendelea. Hiyo DICOMDIR ni faharasa tu, picha zenyewe zimo kwenye folda.

Kuhakikisha kwamba faili ni DICOM ni rahisi. Kwa kawaida faili hufunguka kwa baiti 128 zisizo na maana maalumu, zikifuatwa na herufi nne DICM. Kwenye Linux au Mac, amri ya `file` ikifuatiwa na jina la faili itakuambia.

Taarifa zinazokuhusu zimo ndani, kila moja kwa namba yake:

- (0010,0010) jina, na (0010,0020) namba ya mgonjwa
- (0008,0020) tarehe ya kikao
- (0008,0031) saa ulipoanza mfululizo huo wa picha
- (0008,1030) maelezo ya kikao, ambamo mara nyingi mna jina la mradi
- (0020,0011) namba ya mfululizo, na (0008,103E) maelezo yake

Namba hizi ni zilezile kwa mashine zote, kwa sababu ni sehemu ya kiwango cha DICOM, kilichopata umbo lake la sasa mwaka 1993. Programu ya bure ya DCMTK ina amri ya kuzisoma:

`dcmdump +P 0010,0020 +P 0008,0020 +P 0020,0011 +P 0008,103e jina_la_faili`

Zikiwa folda nyingi, soma faili moja tu kutoka kila folda:

`find . -type d | while read -r d; do f=$(find "$d" -maxdepth 1 -type f | head -n 1); [ -n "$f" ] && echo "$d" && dcmdump +P 0010,0020 +P 0008,0020 +P 0008,103e "$f"; done`

Asiyependa dirisha la amri anaweza kuburuta folda nzima kwenye programu ya kutazamia picha za DICOM. Itazipanga yenyewe kwa mshiriki na kwa mfululizo, kwa kuwa nayo inasoma namba hizihizi.

Hatua ya 6: Tafuta kwenye hifadhi ya mradi

Kama picha zilishatoka kwenye seva ya kupokelea na hujui mtu alizipeleka wapi, unaingia kwenye kazi ya `find`. Anza na jina kwa upana:

`find /njia/ya/hifadhi -iname "*14*"`

Kumbuka `-iname`, inayopuuza herufi kubwa na ndogo. Na weka tarakimu za mwisho peke yake, bila herufi wala sifuri ya mbele, ili makosa kama nk14 na NKO14 yasikukwamishe. Watu wengi huongeza `2>/dev/null` mwishoni ili kuficha malalamiko ya ruhusa. Mara ya kwanza usiyafiche. Mstari unaosema umekataliwa kuingia folda fulani huenda ndio jibu lenyewe: data ipo, ila folda ilitengenezwa na mtu ambaye hakulipatia kundi lenu ruhusa ya kusoma. Linganisha matokeo ya `ls -ld` kwenye folda hiyo na ya `id` kwenye akaunti yako, kisha umwombe msimamizi akuingize kwenye kundi.

Jina likishindwa, tafuta kwa siku:

`find /njia/ya/hifadhi -type f -newermt "2025-03-11" ! -newermt "2025-03-12"`

Hapa kuwa mwangalifu. Tarehe hii ni ile faili ilipobadilishwa mara ya mwisho kwenye diski hiyo, na kuna njia za kunakili zinazoipa faili tarehe mpya. Picha za mwezi wa tatu zilizonakiliwa mwezi wa tano zitaonekana ni za mwezi wa tano. Tarehe iliyo ndani ya DICOM ndiyo ya kuamini. Ya diski ni kidokezo tu.

Usisahau faili zilizobanwa. Vituo vingi hukunja kikao kizima kuwa faili moja ya .tgz au .zip, na `find` haiingii ndani yake. Orodhesha yaliyomo bila kuifungua kwa `tar -tzf` au `unzip -l`.

Tena, huenda unachotafuta hakiko tena katika umbo la DICOM. Programu ya dcm2niix hugeuza DICOM kuwa NIfTI, yaani faili za .nii au .nii.gz, ikiambatanisha na faili ya .json yenye maelezo. Picha za usambaaji wa maji huongezewa .bval na .bvec. Mradi ukifuata mpangilio wa BIDS, uliotangazwa mwaka 2016, kila mshiriki ana folda inayoanza na `sub-`, na ndani yake `anat` ni picha za umbo la ubongo, `func` ni za utendaji, `dwi` za usambaaji, `fmap` ramani za uga sumaku. DICOM za asili, zikihifadhiwa, huwa kwenye `sourcedata`. Jihadhari na kitu kimoja: katika safari hiyo namba ya mshiriki huenda ilibadilishwa kwa makusudi ili kuficha utambulisho, NK014 akawa `sub-07`. Jedwali la kulinganisha namba hizo huwa kwa kiongozi wa mradi, na halipaswi kuwa kwenye folda ya wote.

Hatua ya 7: Umezipata. Je, zimetimia?

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu folda yenye picha nyingi humfanya mtu apumue na kwenda zake, kisha miezi sita baadaye agundue kwamba robo ya mwisho haipo.

Linganisha namba za mfululizo na karatasi ya kikao. Namba kuruka si lazima iwe hitilafu. Mashine huongeza mifululizo yake yenyewe, kama zile picha za awali za kulenga kichwa, picha zilizorekebishwa mtikisiko, au ramani zinazokokotolewa kutoka kwenye picha za usambaaji. Kwenye Siemens mfululizo wa 99 huwa ni ripoti ya mipangilio, si picha ya ubongo. Na ukiona majina mawili yanayofanana yenye namba tofauti, huenda mshiriki alibonyeza mpira wa dharura au alijitikisa na picha ikarudiwa. Karatasi itakuambia ipi ni nzima. Kama haisemi, na moja ni fupi, kwa kawaida hiyo ndiyo iliyokatizwa.

Kuhesabu faili kunahitaji kuijua mashine. Chukua mfululizo wa utendaji wenye ujazo 300, yaani picha 300 za ubongo mzima, kila ujazo mikato 36. Mashine inayoandika mkato mmoja kwa faili itatoa faili 10,800. Siemens za kizazi kilichopita hubandika mikato yote ya ujazo mmoja kwenye picha moja kubwa, basi utapata faili 300. Mashine zinazotumia DICOM ya mtindo mpya zinaweza kukupa faili moja tu kwa mfululizo mzima. Mtu aliyehama kituo akakuta faili 300 mahali alipozoea 10,800 hudhani ameibiwa.

Ukubwa nao husaidia. Picha ya umbo la ubongo yenye nukta 256 kwa 256 na mikato 176, kila nukta baiti 2, inakaribia MB 23 kabla ya kubanwa. Mfululizo ule wa ujazo 300, ukiwa na nukta 64 kwa 64 kwa mkato, unakaribia MB 88. Ukiona MB 40, kuna kilichobaki njiani. Tumia `du -sh *` kuona ukubwa wa kila folda kwa mara moja.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuzigeuza:

`dcm2niix -b y -z y -f %s_%d -o folda_ya_majaribio folda_ya_dicom`

Hapo `%s` ni namba ya mfululizo na `%d` maelezo yake, hivyo majina yatakayotoka yanasomeka. Soma maonyo yanayotokea kwenye dirisha, usiyapite tu. Kisha hesabu ujazo kwa amri ya `fslnvols` ya FSL au `nib-ls` ya nibabel, ambazo ni programu za kuchambua picha za ubongo. Ukipata 300 mahali pa 300, mfululizo huo umekamilika. Kwa ramani za uga sumaku zinazotumia fezi (pembe ya ishara), hakikisha kuna picha za ukubwa wa ishara na kuna za fezi pia. Moja bila mwenzake haikusaidii kusahihisha picha.

Hatua ya 8: Vitu visivyosafiri na picha

Seva haitakuletea hivi, na ndivyo vinavyopotea kabisa kuliko picha.

Mapigo ya moyo na pumzi mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya mwendeshaji. Philips huziandika katika faili zinazoanza na SCANPHYSLOG, GE katika faili kama PPGData na RESPData, Siemens za zamani katika .puls na .resp. Mipangilio mingine ya Siemens huzifunga ndani ya DICOM, kama mfululizo wa peke yake. Majina ya faili hizi aghalabu hayana namba ya mshiriki, yana tarehe na saa tu, kwa hiyo ile saa uliyoiandika katika hatua ya 2 ndiyo itakayokuonyesha ipi ni yako.

Majibu ya mshiriki yako kwenye kompyuta ya kuonyeshea kazi, ambayo pengine haijaunganishwa na mtandao wowote. PsychoPy, moja ya programu za kuendeshea majaribio, huyaweka kwenye folda ya `data` iliyo jirani na faili ya jaribio lenyewe. E-Prime, programu nyingine ya aina hiyo, hutoa faili za .edat zikifuatana na maandishi ya .txt. Kama jaribio lilikatika katikati, .edat huenda haipo, lakini .txt hubaki, ichukue. Na kama mlirekodi EEG, yaani umeme wa ubongo, kwa mfumo wa BrainVision, chukua faili tatu kwa pamoja: .vhdr, .vmrk na .eeg. Zinatajana kwa majina, hivyo ukibadilisha jina la moja kwa mkono zingine hazitafunguka.

Hatua ya 9: Hamisha, hakiki, kisha ndipo ruhusu kufutwa

Nakili kwa `rsync -av` au njia iliyoidhinishwa na kituo, kisha toa alama za uhakiki kwa `sha256sum` pande zote mbili na uzilinganishe. DICOM zibaki kama zilivyo, zisibadilishwe. Ukitaka majina yanayosomeka, fanya hivyo kwenye nakala.

Usizibebe kwenye flashi wala kuzituma kwa barua pepe. Ndani ya DICOM mna tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uzito, na pengine jina halisi kama aliyesajili alijisahau. Hata ukiondoa yote hayo, picha ya umbo la ubongo huchukua na uso, na uso huo unaweza kuundwa upya kwenye skrini ukatambulika. Ndiyo maana kabla ya kuzitoa nje ya mradi hupitishwa kwenye programu ya kuondoa uso, kama pydeface.

Hatua ya 10: Ukikwama, uliza kwa namna inayojibika

Ujumbe wa “sioni data yangu, naomba msaada” utarudishiwa maswali matano, na kila swali ni nusu siku. Andika hivi:

“Habari za kazi. Natafuta DICOM za mshiriki NK014 (huenda amesajiliwa NKO14 au NK_014), tarehe 11 Machi 2025, saa 4:10 hadi saa 5:05 asubuhi kwa saa ya mashine. Ilipaswa kuwa na mifululizo 9. Kwenye seva naona 6, wa mwisho ni namba 7, ulioanza saa 4:41. Nimetafuta kwa tarehe na sijaona kikao cha pili cha siku hiyo. Naomba unisaidie kuangalia kama kazi ya kutuma ilikatika baada ya hapo, na kukikinga kikao kisifutwe kwenye mashine. Asante.”

Mtume mwendeshaji, nakala kwa msimamizi wa seva, maana mara nyingi mmoja ataona alituma na mwingine ataona hakupokea, na ni kwa kusoma ujumbe mmoja wote wawili ndipo watakapojua zimekwama katikati yao.